Matanga ya Mtu Ambaye Hakuzaliwa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila mwaka joto la Novemba linapoanza kupanda, mijakaranda inapomwaga maua barabarani, na mawingu yanapokuja mchana, yakasimama kidogo juu ya vilima, kisha yakaondoka bila kuacha hata tone. Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa Iringa, nimepanga chumba Mlandege, kijana wa miaka ishirini na ushee niliyeamini kwamba dunia nzima inanisubiri nimalize sentensi.

Utasema mimi si mzee wa kutoa nasaha. Kweli, hamsini sijaifikia. Lakini mtu aliyelala katika miji mingi kama mimi umri wake huhesabiwa kwa vumbi, na kwa hesabu hiyo mimi ni babu yako. Basi kaa vizuri.

Kwanza nikueleze nilivyofika. Kwetu ni Rungwe. Nilisoma mpaka darasa la kumi, na baada ya hapo miguu ikaanza kuniwasha. Nikafanya kazi Mbeya mjini kwa muda, nikachoka. Si kazi iliyonichosha. Ni kuuona mlima uleule kila asubuhi. Nikasikia kuna ghala la mahindi Iringa linatafuta karani wa mizani, nikadandia lori lililobeba mchele wa Usangu. Wakati ule wa miaka ya hamsini barabara ilikuwa udongo mtupu. Nilikaa juu ya magunia, kulia kwangu mbuzi, kushoto mfanyabiashara wa Kikinga, mwenye mbuzi, aliyemsifia mnyama wake njia nzima kwamba ana adabu kuliko abiria wengi. Chimala tulishuka tukasukuma. Makambako tulilala, na baridi ya pale ilinifundisha kumkumbatia mbuzi. Jioni ya siku ya pili nikashuka Iringa nikiwa mwekundu kama tofali. Nilielekezwa kwa Mzee Kihwele, seremala aliyekuwa na chumba cha kupangisha. Aliponiona aliuliza kama nimekuja kwa gari au nimechimbuliwa.

Nikakaa kwake. Mchana nilipima mahindi, jioni niliandika. Gazeti moja la Dar es Salaam lilikuwa limewahi kuchapa kisa changu kifupi, chini kabisa ya ukurasa, jirani na tangazo la sabuni, na tangu siku hiyo nilijiita mwandishi. Hata mwendo wangu ulibadilika. Nilianza kutembea nimeweka mikono nyuma.

Sasa, siku ya mwandishi, mwanangu, huanza kwa kutoandika. Jumamosi asubuhi nilichonga penseli mpaka ikawa fupi, nikachonga nyingine. Nilifagia chumba ambacho hakikuwa kichafu. Nilihamisha kigoda kukifuata mwanga, nikachemsha chai, nikaitazama ikipoa. Nilichungulia dirishani nikafikiria neno la kulilinganisha na zambarau ya jakaranda, nikalikosa, nikarudi kuchonga penseli. Mtu akinipita angesema huyu hana kazi, na asingekuwa mbali sana na kweli.

Lakini Jumamosi ile nilikuwa na haraka ya kweli. Kisa changu kipya nilitaka kiondoke na basi la posta la Jumatatu. Ghala lilikuwa limefungwa, maana mahindi ya zamani yalikwisha na mapya hayajapandwa. Nilikuwa na siku mbili za kuandika. Kizuizi kilikuwa kimoja tu: mgowe.

Mgowe ni kazi ya pamoja. Mwenye shamba anapika pombe na chakula, majirani wanakuja na majembe yao, wanalima siku moja shamba ambalo yeye peke yake lingemchukua mwezi. Zamu ile ilikuwa ya Mama Odilia, mjane aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwenye watoto wadogo na shamba bondeni, upande wa Ruaha Mdogo. Mvua ilikuwa inanukia. Yeye alikuwa amepika pombe kwa ulezi wake wa mwisho, na pombe ya ulezi haina subira: ikiiva leo inywewe leo, kesho ni siki. Jumapili hakuna jembe, maana watu wa pale ni wa misa. Jumatatu kila mtu ana kibarua chake. Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi ile au basi, na asiyepanda na mvua za kwanza hujua atakachokula mwezi wa tatu: maneno.

Ijumaa jioni Mzee Kihwele alinikuta uani.

“Kesho tunashuka bondeni kwa Mama Odilia.”

“Kesho nina kazi, baba.”

“Ghala si limefungwa?”

“Si ya ghala. Ni ya kuandika.”

Alinitazama kama anavyotazama ubao uliopinda. “Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe una siku ngapi hapa, Asajile?”

Nikamjibu kwamba nitakuja mchana. Sikuwa na nia ya kwenda mchana wala jioni. Nilijiambia kwamba majembe ni mengi lakini mwandishi ni mmoja.

Asubuhi walipoteremka wote, nikafunga mlango kwa komeo. Mtaa ukanyamaza. Alibaki mke wa Mzee Kihwele, Mama Klementina, akipika maharage ya wakulima nyuma ya nyumba. Nami nikaandika. Mwanangu, siku ile niliandika! Kisa kilihusu kijana aliyerudi kutoka migodi ya kusini na kumkuta baba yake amekata roho asubuhi ileile. Na mimi nina tabia moja mpaka leo: sentensi siiamini mpaka niisikie. Naisoma kwa sauti, na wahusika wakizungumza nazungumza kama wao. Nilipofika pale kijana anapoingia ndani na kuuona mwili, nikasimama katikati ya chumba, nikanyoosha mikono, nikalia, “Baba! Baba yangu! Umeondoka, umeniacha na nani?”

Ilikuwa nzuri. Nikairudia. Mara ya pili machozi ya kweli yakatoka, si kwa uchungu bali kwa kujipenda. Nililia jinsi nilivyoandika vizuri. Nikairudia mara ya tatu kwa nguvu zaidi.

Sikujua kwamba Mama Klementina alikuwa nyuma ya mlango na kibuyu cha togwa, ananiletea ninywe kwa huruma yake. Kibuyu kikaanguka. Nikasikia ukunga mmoja tu, mrefu, halafu miguu ikikimbia kuelekea bondeni. Nikadhani amekanyaga nyoka. Nikaendelea kuandika.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Basi wa mbali wakaingia. Kwa desturi ya pale, jembe na msiba havikai siku moja: mtaa ukifiwa, majembe yanalala. Na mfiwa hahojiwi. Unaingia, unalia naye, unakaa, habari utazipata wazee wakishatulia. Kwa hiyo hakuna aliyeniuliza lolote. Komeo liling'olewa na bega la Luka, fundi baiskeli, jirani yetu mwenye mwili wa kabati. Aliichukua penseli mkononi mwangu taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Nikaketishwa mkekani. Nikafunikwa blanketi mabegani, katika joto la Novemba, na wanawake wakaanza kulia vizuri kuliko nilivyowahi kuandika.

“Jamani,” nikasema, “hakuna aliyekufa.”

“Nyamaza, mwanangu, nyamaza,” akasema mama mmoja akinipapasa mgongo. “Siku ya kwanza ndivyo tunavyosema.”

“Nasema kweli. Baba yangu ni mzima!”

Vilio vikapanda. “Ni baba yake!” wakaambiana. “Maskini, ni baba yake!”

Baba yangu wakati ule alikuwa Rungwe, mzima wa afya, pengine saa hiyohiyo akigombana na mtu kuhusu ndizi. Nikajaribu kusimama, Luka akanikalisha. Jasho likanitiririka usoni, wakalifuta kwa upande wa khanga wakisema machozi ya huyu kijana hayakauki. Luka akaniinamia sikioni.

“Kaka, nasikia nyinyi Wanyakyusa mkifiwa mnacheza ngoma na kuchinja ng'ombe. Ngoma tutatafuta. Ng'ombe je, unaye?”

Nikuambie ukweli, hapo nilianza kufikiri kama mwoga. Nilijiambia: nikae kimya, nilie kidogo, mambo yatajiishia yenyewe. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini mimi kilio kilikuwa kimeshafika na bado nilikuwa naficha.

Ndipo akaingia Mama Odilia. Alikuwa na mtungi kichwani, na nyuma yake mwanamke mwingine na mtungi wa pili. Alipiga magoti, akautua mbele yangu.

“Pole, mwanangu. Sina ng'ombe wala kuku. Hii nilipikia jembe. Leo iwe ya machozi.”

Kata ikaanza kuzunguka. Unanielewa? Ulezi wake wa mwisho, mvua yake ya kwanza, siku yake moja katika mwaka mzima, vilikuwa vinamiminwa kooni mwa waombolezaji kwa ajili ya mtu ambaye hakuzaliwa. Nilifungua mdomo, maneno yakakwama. Mwandishi mzima!

Mzee Kihwele alifika wa mwisho, kwa sababu alibaki kukusanya majembe ambayo wengine waliyaacha shambani. Aliyaegemeza ukutani moja moja, akaingia, akakaa, akakataa kata. Akazungusha macho, akauliza jambo ambalo katika kelele zote zile hakuna aliyelifikiria.

“Habari imeletwa na nani?”

Watu wakatazamana.

“Habari ya kifo haina mabawa. Imekuja kwa basi? Kwa simu? Nani kamwona mjumbe?”

“Mimi nimemsikia analia mwenyewe,” akasema Mama Klementina.

Mzee akanigeukia. “Asajile. Baba amefia wapi?”

Hapakuwa na pa kujificha, na blanketi lilikuwa linaniua. “Kwenye karatasi, baba.”

“Kauawa na nini?”

“Na mimi.”

Hata watoto waliokuwa wakinyonya waliacha kunyonya. Nikaeleza, kwa sauti ya chini, kijana wa migodini, baba wa kubuni, kusoma kwa sauti. Nilipomaliza, Mama Klementina alijifuta macho taratibu.

“Kwa hiyo machozi yangu haya yote, nimemlilia nani?”

Luka ndiye aliyeanza. Kicheko chake kilitokea tumboni, kikapanda, kikatikisa mlango uliokwisha kung'olewa komeo. Wakafuata wengine. Walicheka wakiegemeana, wazee wakapiga mapaja, mama aliyekuwa akinipapasa mgongo sasa akawa ananichapa mgongo uleule. “Bwana Karani kafiwa na penseli!” akapiga kelele mtu wa nje, na uani wakajibu kwa vigelegele.

Mama Odilia hakucheka. Aliutazama mtungi, uliobaki na mashapo tu. Akautazama mlango, na nje ya mlango mawingu, ambayo mchana ule hayakuwa yanaondoka.

“Na shamba langu je?” akauliza.

Hakuuliza kwa hasira. Ndiyo maana kicheko kilizimika kama moto uliomwagiwa maji.

Nikasema nitalima mimi, peke yangu, leo mpaka kesho. Mtu mmoja akanishika kiganja, akakigeuza wakione wenzake, akakirudisha kwa heshima kama yai. Mzee Kihwele akasema maneno ninayokurithisha leo bila kupunguza.

“Kijana, sikukatazi kuandika. Mimi nami hufunga karakana nikiranda mbao, maana vumbi na maongezi havipatani na randa. Lakini mtaa mzima unajua kwamba Kihwele yuko ndani anaranda, na unajua kwamba jana alikuwa nao. Wewe umefunga mlango kabla hujafahamika. Mtu asiyefahamika akilia, tufanyeje? Tunamlilia.”

Saa za mchana zilikuwa bado zipo, lakini mgowe bila pombe, mwanangu, ni adhabu. Watu walikaa. Wengine walianza kutazama pembeni. Aliyenikomboa ni Mama Klementina, kwa ghadhabu zake.

“Mimi nimeacha maharage motoni yameungua. Nimekimbia mpaka bondeni na mguu huu mbovu. Siondoki hapa bila kujua huyo marehemu alikuwa nani na mwanawe alifanya nini. Pombe imekwisha? Basi atulipe kisa!”

“Twende akatusimulie shambani,” akasema Luka. “Akinyamaza, na majembe yananyamaza.”

Hivyo ndivyo tulivyoteremka bondeni. Kawaida mgowe hulimwa kwa nyimbo. Ule ulilimwa kwa kisa changu. Nilipewa jembe nikawekwa katikati ya mstari, nikilima na kusimulia, na pumzi zikinipungukia nafanya vyote viwili vibaya. Kule mkekani walikuwa waombolezaji. Shambani waligeuka wahariri.

“Kijana akamzika baba yake peke yake, chini ya mwezi,” nikasimulia. Sentensi hiyo nilikuwa naipenda kuliko zote.

Majembe yakasimama mstari mzima.

“Peke yake vipi?” akauliza mzee mmoja. “Majirani walikuwa wapi?”

“Hawakuwepo.”

“Walihama?”

“Kaburi alichimba na nani? Maji ya kuosha maiti alichota nani?”

“Jamani, ni kisa tu.”

“Kisa cha watu au cha fisi?”

Ikabidi niwalete majirani. Nikamleta jirani mmoja, wakataka watatu. Nikaleta watatu, wakataka kujua kama mmoja wao ana binti. Akawa na binti. Majembe yakaenda mbio. Nilipotaka kumaliza kisa kwa huzuni, kama nilivyopanga, shamba lilikuwa bado robo, na Luka akaniambia wazi kwamba kwa huzuni hiyo yeye halimi. Nikaingiza chui. Chui akatusogeza mistari kadhaa. Nikaingiza mahari, ikazua ubishi mkubwa mpaka watu wakalima kwa hasira, na hasira inalima vizuri kuliko pombe. Mwisho kabisa, kipande kikiwa kimebaki kidogo na mikono yangu ina malengelenge kama mahindi ya kuchoma, Mama Klementina akasema yeye bado hajaridhika na kile kifo.

“Si alizimia tu?” akauliza.

Nami, mwanangu, nikamfufua. Nilikuwa na haki gani ya kukataa? Baba akaamka, akaomba uji, na wakati anakunywa uji jembe la mwisho lilifika mpakani. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya vilima. Mama Odilia alitembea kutoka ncha moja ya shamba mpaka nyingine. Aliporudi alinipa mkono, nikapiga yowe kwa malengelenge, ndipo na yeye akacheka.

Alfajiri, kabla ya kengele ya misa, Mama Odilia alikuwa ameshafukia mbegu na wanawe. Alisema kupanda si kulima, na padri hakuulizwa. Mimi ni Mmoraviani, lakini Jumapili ile nilikwenda nao misa, maana nilihisi ni salama zaidi kuonekana. Mahubiri yalipofika katikati mvua ikashuka juu ya bati, kubwa, ya kishindo, padri akaonekana anapanua mdomo lakini hatumsikii. Akajitahidi kidogo, akafunga kitabu, akakaa, akatabasamu kama sisi. Nilimtazama Mama Odilia benchi la mbele. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na sikuhitaji kuuliza kama ni kilio au kicheko.

Kisa hakikupanda basi la Jumatatu. Jumapili mchana walinijia mmoja mmoja na masahihisho. Luka alitaka chui awe mwanzoni. Mzee mmoja alitaka mahari ipunguzwe, ana mtoto wa kiume. Mlango wangu haukuwa na komeo tena, na Mzee Kihwele, seremala, alichukua miezi miwili kulirudisha. Nadhani kwa makusudi. Katika miezi hiyo niliandika kuliko wakati wowote wa maisha yangu, watu wakiingia na kutoka, na ugali ukiletwa bila kuombwa.

Miguu ilianza kuwasha tena mwaka uliofuata, mahindi yalipokauka mashambani. Hakuna aliyenifukuza, huo ni ugonjwa wangu na sijaupatia dawa. Asubuhi ya kuondoka, Mzee Kihwele alinibebea sanduku mpaka kwenye basi la Mbeya, akakataa nilishike hata kwa ncha.

“Unakwenda wapi hasa?” akaniuliza.

“Mbeya. Baada ya Mbeya, sijui.”

Akapandisha sanduku, akalifunga kwa kamba mwenyewe, maana hakuyaamini mafundo ya utingo wa basi. Kisha akasimama chini ya dirisha langu. “Sawa. Lakini hata huko Sijui, kuna majirani. Uwasalimie kwanza.”

Basi likaondoka. Mlandege sijakanyaga tena.

Basi hii ndiyo nasaha yangu, mwanangu, wewe unayeniambia unataka kuwa mwandishi na kwamba watu wanakupotezea muda. Funga mlango, ndiyo. Hakuna chungu kinachoiva kikifunuliwa kila saa. Lakini kwanza waambie walio nje unafunga kwa sababu gani, na kabla ya kuwaambia, wawe wamekwisha kuiona mikono yako ikishika kazi yao. Siku ya jirani ikija mara moja kwa mwaka, sentensi yako ingoje, haichachi. Na kabla hujamuua mtu kwenye karatasi, jiulize nani atamzika, maana kisa kisicho na majirani watu watakisimamishia majembe.

Nenda sasa. Mungu akupe maneno na akupe afya ya kuyabeba, mvua za kwanza zikukute umeshapanda, na popote utakapopanga chumba akujalie mlango unaofunga vizuri, na majirani watakaobisha hodi hata hivyo.